Nilivyojifunza Kumsemea Nisiyeafikiana Naye

Mimi ni mwalimu wa Biolojia na Jiografia katika shule ya sekondari ya kata. Nilipokwenda kusomea shahada ya umahiri nilikuwa na msimamo uliokwisha komaa: watoto wa Tanzania wafundishwe sekondari kwa Kiswahili. Msimamo huo niliupata darasani, nikiwatazama wanafunzi wa kidato cha kwanza. Miaka saba ya shule ya msingi walisoma sayansi kwa Kiswahili, kisha Januari ikafika wakakuta masomo karibu yote yamehamia kwenye Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole darasa la saba, kidato cha kwanza ananyamaza. Anayejua jibu hujifanya hajui, kwa kuogopa kuchekwa na wenzake. Kwa hiyo nilipotakiwa kuchagua mada ya tasnifu sikuhangaika: lugha ya kufundishia.

Ushuhuda wangu unahusu kilichonitokea nilipofika sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, ambamo mtafiti hufupisha waliyoyasema wengine kabla hajasema lake. Wanafunzi wengi huiona sura hiyo kuwa ya kupita tu, wakusanye majina na miaka, wawahi kufika kwenye data. Mimi ndiyo iliyonibadilisha. Ilibadili ninavyosoma, ninavyobishana na hata ninavyofundisha, na leo nikiulizwa shahada ile ilinipa nini, naitaja sura ya pili kabla ya matokeo ya utafiti.

Mjadala wenyewe una umri mkubwa. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Mpango wa Pili wa Maendeleo wa 1969 hadi 1974 ukagusia kukipeleka sekondari. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kidato cha kwanza 1985 na kifike chuo kikuu 1992. Mwaka 1983 Serikali ikatangaza kwamba mabadiliko hayo hayatafanyika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikashikilia Kiingereza sekondari. Miaka miwili baadaye Sera ya Utamaduni ikaahidi mpango wa kukiwezesha Kiswahili kufundishia ngazi zote. Ikaja sera ya elimu ya 2014, ikakipa Kiswahili nafasi hiyo, na toleo lake la 2023, lililozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, likaacha Kiingereza kiendelee sekondari. Kila hatua kati ya hizo imeacha vitabu, makala, ripoti na hotuba. Nilizisoma kwa miezi katika sehemu ya East Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mpaka wahudumu wakawa wananitolea mafaili kabla sijajaza fomu.

Rasimu ya kwanza niliipanga kama tulivyozoeshwa: wanaotetea Kiswahili upande huu, wanaotetea Kiingereza upande ule, na mwishoni pengo la utafiti. Msimamizi wangu, mzee mtaratibu aliyesahihisha kazi zetu kwa penseli, aliandika sentensi moja pembeni mwa karibu kila aya ya upande wa pili: "Mwenye hoja hii akiisoma, atajitambua?"

Nilimfuata ofisini kuomba ufafanuzi.

"Mwalimu," aliniambia, "hawa watu wote umewauliza swali lako. Kila mmoja wao alikuwa anajibu swali lake. Nenda kayatafute maswali yao kwanza, halafu ndio uandike majibu."

Nikarudi maktaba na utaratibu mpya. Kabla ya kufupisha andiko lolote, nilijilazimisha kuandika juu ya ukurasa swali ambalo mwandishi wake alikuwa analijibu. Ilikuwa kazi ya kuchosha, maana wengi hawalitaji swali lao waziwazi. Lakini kadiri nilivyoendelea, zile safu zangu mbili zilianza kuvunjika zenyewe.

Wa kwanza kuzivunja alikuwa Mwalimu Nyerere. Ndiye aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, akaonyesha kwa vitendo kwamba Kiswahili kinabeba fikra nzito. Chini ya uongozi wake Kiswahili kilishika shule za msingi na ofisi za umma. Na ni yeye huyo huyo ambaye katikati ya miaka ya 1980 alitetea Kiingereza kibaki sekondari, akakiita Kiswahili cha dunia. Msomaji mwenye haraka ataona ukigeugeu. Mimi nilipoandika swali lake juu ya ukurasa niliona mtu mmoja mwenye mawazo yanayoshikana: swali lake lilikuwa Kiingereza kitaishi vipi nchini endapo shule zitaacha kukitumia kufundishia. Aliogopa kitafifia, na aliamini nchi inakihitaji. Unaweza kulikataa jibu lake, lakini huwezi kumweka kwenye orodha ya waliokidharau Kiswahili.

Wa pili walikuwa Criper na Dodd, wataalamu wa Kiingereza waliopima lugha hiyo kwa wanafunzi wetu na kutoa ripoti mwaka 1984. Nilishangaa kuikuta ripoti hiyo ikinukuliwa na pande zote mbili kwa uhakika ule ule. Sababu ni kwamba ina sehemu mbili zisizolingana. Kipimo chao kilionyesha kiwango cha Kiingereza kilikuwa cha chini mno, kiasi kwamba wanafunzi wengi hawakuweza kujifunzia kwacho. Pendekezo lao, hata hivyo, lilikuwa Kiingereza kiendelee na kiimarishwe, na mradi wa kukiimarisha kwa msaada wa Uingereza ukafuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Anayetetea Kiswahili hunukuu kipimo akaishia hapo. Anayetetea Kiingereza huanzia kwenye pendekezo.

Sentensi yangu ya awali juu yao ilisema: "Criper na Dodd wanathibitisha kwamba Kiingereza hakifai kufundishia sekondari." Niliifuta na kuandika hivi: "Criper na Dodd walikuta kiwango cha Kiingereza kiko chini sana ya kile kinachohitajika kujifunzia, wakapendekeza kiimarishwe badala ya kuondolewa, na pendekezo lao linasimama juu ya imani kwamba kiwango hicho kingeweza kuinuliwa kwa mafunzo na vitabu." Ukiilinganisha na ya kwanza, hii ya pili inampa msomaji vitu vitatu: walichokiona, walichokishauri, na daraja walilopita kutoka kimoja hadi kingine. Na ajabu ni kwamba kwa msomaji anayetetea Kiswahili kama mimi, hii ina nguvu zaidi. Mtu anaweza sasa kuuliza kama daraja lile lilihimili, miaka zaidi ya 40 baadaye.

Sera ya 2014 nayo ilinifunza kwenda kwenye andiko lenyewe. Ilipozinduliwa Februari 2015, mitaani na magazetini habari ilikuwa moja: Kiswahili kimeingia sekondari. Nilipoifungua nikakuta tamko linalosema Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote, na karibu nalo tamko jingine linalosema Serikali itaendelea kuimarisha matumizi ya Kiingereza katika kufundishia. Aliyesoma la kwanza tu alishangilia, aliyesoma la pili tu alitulia. Ukiyafupisha yote mawili kwa pamoja ndipo unapoelewa kwa nini darasani kwangu hakuna kilichobadilika.

Vitenzi navyo vilinifunza jambo. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Katika uandishi wa kitaaluma ngozi huvutwa kwa maneno madogo: huyu "anabainisha", yule "anadai"; huyu "ameonyesha", yule "anajaribu kuonyesha". Msomaji hashtuki, lakini hukumu imeshatolewa. Nikaamua kwamba mwenye ushahidi wa data ataandikiwa kitenzi cha ushahidi, awe upande wowote, na mwenye maoni ataandikiwa kitenzi cha maoni, hata kama maoni yake ni yangu.

Hatimaye sura ilijipanga upya kwa maswali.

Swali la kwanza ni la kuelewa: mtoto akiwa darasani, anashika nini? Hapa ndipo walipo watafiti wa mradi wa LOITASA, ulioanza 2002 ukichunguza lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, akiwemo Birgit Brock-Utne wa Oslo na Martha Qorro wa Dar es Salaam. Walilinganisha wanafunzi waliofundishwa mada zile zile kwa Kiswahili na wale waliofundishwa kwa Kiingereza, na wa Kiswahili walielewa na kushiriki zaidi. Qorro ameongeza hoja ambayo kila mwalimu anapaswa kuijua: kujifunza Kiingereza ni jambo moja, kujifunza kwa Kiingereza ni jambo jingine, na mtoto anayefundishwa Fizikia kwa Kiingereza kibovu anaweza kukosa yote mawili.

Swali la pili ni la fursa: baada ya shule, mtoto atafungua milango gani? Hapa wapo wazazi wengi, na wapo wasomi waliowachukulia wazazi hao kwa uzito. Casmir Rubagumya, katika makala ya 2003 kuhusu shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza, alizitazama kama soko: lugha ina bei, na watu wanaiona bei hiyo.

Swali la tatu ni la utekelezaji: tukiamua, tutaweza? Vitabu nani ataandika, mitihani nani atatunga, walimu waliosomeshwa chuoni kwa Kiingereza watafundishaje? Wengine hulitumia swali hili kuzuia kila mabadiliko. Wengine huliuliza kwa nia njema kabisa, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ililijibu sehemu yake kwa vitendo ilipotoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Swali la nne ni la kesho asubuhi: sera ikiwa hivi ilivyo, mwalimu aingie darasani na nini? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma walioshirikiana na wenzao wa Bristol na wengine walijikita hapo. Waliandaa mfano wa vitabu vya kidato cha kwanza vyenye Kiingereza chepesi kinachosaidiwa na Kiswahili, mwanafunzi ajadili kwa lugha anayoijua kabla ya kuandika kwa lugha ya mtihani. Katika safu zangu za mwanzo hawa hawakuwa na mahali pa kukaa.

Swali la tano huulizwa kwa sauti ndogo: vipi mtoto ambaye hata Kiswahili amekikuta shuleni? Nchi yetu ina lugha zaidi ya 100. Mtoto wa jamii ya wafugaji aliyelelewa kwa Kimaasai anavuka lugha mara mbili hadi kufika kidato cha kwanza. Wanaoliuliza hili wanatukumbusha sisi wa upande wa Kiswahili kwamba hoja yetu kuu, mtoto afundishwe kwa lugha anayoielewa, ina deni ambalo hatupendi kulitaja.

Lililonigusa kuliko yote lilitoka nje ya maktaba. Kwa kuwa maoni ya wazazi yameandikwa kwa uchache, na mara nyingi na watu wanaowasikitikia, nilizungumza na kadhaa. Mmoja alikuwa mama fundi cherehani ambaye mwanawe anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, na ada anaikusanya kwa kushona sare za shule za watoto wa wenzake. Nikafanya jambo ambalo msimamizi alinishauri: nilirudi kumsomea nilichokuwa nimeandika juu yake. Niliandika kwamba anaamini Kiingereza ni dalili ya elimu bora.

Aliacha kukanyaga cherehani, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana, mwalimu," alisema kwa upole. "Hapo hujanisemea. Mimi najua mtoto anaelewa zaidi kwa Kiswahili, namwona akifanya kazi za shule hapa miguuni pangu. Nilichokwambia ni kwamba usaili wa kazi hawamfanyii kwa Kiswahili. Nyie mnasema Kiswahili kinatosha, sawa. Badilisheni kwanza huko kwenye usaili, mwanangu nitamhamisha siku hiyo hiyo."

Nilikaa pale pale kwenye benchi la wateja, nikaandika upya huku akiendelea kushona. Maneno yaliyoingia kwenye tasnifu yalikuwa haya: "Mzazi huyu anakubali kwamba Kiswahili humsaidia mtoto kuelewa, lakini anachagua Kiingereza kwa sababu waajiri hukitumia kuchuja waombaji, na anasema yuko tayari kubadili uamuzi wake endapo utaratibu wa ajira utabadilika." Nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali: "Hapo sasa umenisemea."

Nimesoma vitabu vingi juu ya wazazi wa aina yake vikieleza kwamba wana kasumba ya kikoloni. Wapo wenye kasumba hiyo, sikatai. Mama yule hakuwa nayo. Alikuwa amepiga hesabu ya dunia ilivyo, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Toka siku ile sijaweza tena kusimama kwenye kikao chochote nikawaambia wazazi hawajui watakalo.

Nataka niseme wazi pia kwamba kumsemea mtu kwa haki hakukunilazimisha kusema kila hoja ina uzito sawa. Hilo ni kosa jingine, na linaharibu tasnifu nyingi: mwandishi anapanga maoni kwa adabu, kisha anamaliza kwa kusema kila upande una ukweli wake, akidhani hiyo ndiyo haki. Baada ya kuwapa wote maneno yao, nilipima. Kwenye swali la kuelewa, ushahidi unaelemea Kiswahili, tena sana. Kwenye swali la fursa, ushahidi kwamba waajiri wanathamini Kiingereza ni wa wazi. Dhana kwamba kufundishia masomo yote kwa Kiingereza ndiyo njia ya kukipata Kiingereza hicho, hiyo ndiyo dhaifu. Kwenye utekelezaji, ugumu upo na unatatulika kwa fedha na muda. Nilipoyaandika hayo hakuna mtu angeweza kuniambia sikumsikiliza, na hukumu yangu ilisimama imara kwa sababu hiyo.

Msimamo wangu leo, basi, ni huu: sekondari ifundishwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kifundishwe kama somo, na walimu waliokisomea hasa, kwa vipindi vya kutosha na vitabu vya kutosha, kuanzia chini. Zamani ningeishia kwenye nusu ya kwanza. Nusu ya pili nimepewa na Nyerere pamoja na mama wa cherehani, na bila hiyo nisingekuwa na la kumjibu mzazi yeyote aliyebeba ada mkononi.

Nilirudi shuleni kwangu nikiwa na kanuni ya kumsemea mtu kwa haki kabla ya kumpinga. Katika klabu yetu ya mdahalo tulikuwa na desturi mnayoijua: mzungumzaji anasimama, anamsalimu mwenyekiti, na papo hapo anaanza kumponda aliyemtangulia. Sasa tuna sharti moja. Kabla hujapinga, eleza alichosema mwenzako, na yeye akubali kwamba ndicho alichokisema. Asipokubali, rudia. Wiki za mwanzo wanafunzi walinung'unika, mdahalo ulikwenda polepole, na wengine waligundua wamesimama bila kusikia chochote. Baadaye hoja zilianza kuwa fupi na kali. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliieleza hoja ya mpinzani wake vizuri kuliko mwenyewe alivyoieleza, kisha akaipangua kwa sentensi mbili. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na aliyepanguliwa naye akapiga.

Ndiyo maana nawashuhudia wenzangu, hasa mnaoandika tasnifu sasa hivi, na mnaosimamia wanaoandika. Sura ya pili msiipite kama daraja la kuvukia. Liandikeni swali la kila mwandishi kabla ya jibu lake. Tenganisheni alichokiona na alichokishauri. Kama mwenye maoni yu hai na anafikika, mrudieni mumsomee. Kama ametangulia mbele ya haki, mwandikieni maneno ambayo angeyatambua kuwa yake. Mkishafanya hivyo pimeni bila woga, mseme mnaloliamini. Nchi yetu itaendelea kujadili lugha ya kufundishia kwa miaka mingi bado, na watakaoiamua watategemea muhtasari wa watu kama sisi, maana wao hawatakuwa na muda wa kusoma rafu nzima ya East Africana. Tukiwapa picha iliyopinda, wataamua kwa picha iliyopinda, na watakaolipa ni watoto wa kidato cha kwanza.